Nani Amelala Hapa?

Hakuwa na uwezo wa kunong'ona. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa katibu wa kijiji, na kazi ya katibu nusu yake ni kunong'ona. Ukimwambia jambo la siri sikioni, alikujibu kwa sauti ya kumsimamisha ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo. Injini ilikuwa imekwisha kumla masikio hata kabla hajafika kwetu, na mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe hudhani dunia nzima inasikia kama yeye. Kwa hiyo kijijini hakuna aliyempa siri, na yeye hakuwa nayo hata moja. Mwenye siri nilikuwa mimi.

Tulimwita Opareta. Enzi zile kila mtu alikuwa Ndugu fulani, basi kwenye mikutano aliitwa Ndugu Opareta, lakini barabarani na vilabuni alikuwa Opareta tu. Jina lake lipo, na watoto wake wapo, ila sikuwaomba ruhusa. Kwao ni wapi sikuwahi kumsikia akisema vizuri. Kila kabila lenye mtu mrefu mwenye vidole vikubwa lilidai kuwa ni wao, na yeye hakumkatalia mtu.

Alikuja upande wetu wa Mtinko, juu ya tingatinga, miaka ile ya watu kuhamia vijijini. Tingatinga lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko uhuru. Rangi ilikuwa imebaki kwenye maungio tu, kiti kilikuwa gunia lililojazwa majani makavu, na bledi, lile bamba la chuma la mbele linalosukuma udongo, ilikuwa imeungwa viraka kama kaptula ya mwanafunzi. Kuliwasha ilikuwa shughuli ya saa nzima. Unaanza na injini ndogo ya petroli, unaivuta kwa kamba mpaka bega liume, hiyo ikikubali ndiyo inayoibembeleza injini kubwa ya dizeli, nayo inakohoa, inatema moshi, inazima, unaanza tena. Kwa sababu hiyo Opareta alikuwa na sheria moja: injini ikishawaka alfajiri haizimwi mpaka jua lizame. Alikula ikiwa inaunguruma. Aliongea na watu ikiwa inaunguruma. Mwenyekiti wetu aliwahi kumpungia mkono azime ili amsomee barua kutoka wilayani, naye akamjibu kwa kelele kwamba barua ikiwa na maana itasomeka hata kwenye kelele.

Na lilikuwa linakunywa. Rejeta ilivuja mahali ambapo hakuna fundi aliyeweza kupafikia, kwa hiyo kwa siku lilimaliza madebe mawili ya maji, matatu jua likiwa kali. Kijiji kizima kilikuwa kinateka maji kwenye visima vya mchangani, mwanamke anaondoka alfajiri na kurudi jua la utosi na debe moja kichwani. Wanawake walimimina maji yao kwenye lile dude huku wamenuna. Mmoja wao alisema maneno yaliyozunguka vijiji vyote vya jirani: "Mnyama gani huyu, anakunywa kuliko ng'ombe na hatoi hata maziwa?" Nilimtafsiria Opareta nikidhani atacheka. Hakucheka. Tangu siku hiyo hakuoga kwa maji ya kijiji. Alijifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akanuka hivyo hivyo mwaka mzima, na aliyemwandalia maji ya kunawa kabla ya ugali alirudishiwa zaidi ya nusu ya bakuli.

Mtu yule hakuogopa chuma, alipanda nacho miteremko ambayo mbuzi anafikiri mara mbili. Lakini ng'ombe aliwaogopa mpaka aibu. Kundi likipita karibu alikatisha sentensi, akapanda juu ya tingatinga na kujifanya anakagua dizeli. Wachungaji walipogundua wakawa wanaswaga makusudi kupita alipokaa kula. Sisi Wanyaturu mtu anayeogopa ng'ombe hatumwelewi hata kidogo. Ni sawa na mtu kuogopa mtaji wake mwenyewe, basi tulimcheka, na alikubali kuchekwa.

Udongo aliujua kwa ulimi. Alichukua kidogo, akautia mdomoni, akautafuna polepole huku ametazama mbali, kisha akatema na kutoa hukumu. "Huu unashika maji." Au: "Huu utatukimbia." Nilijaribu mara moja nijifunze, nikaambulia mchanga kwenye meno kutwa nzima. Aliponiona nikitema akaniambia kwamba ulimi wangu umezoea maneno, hautajua udongo. Alikuwa ananitania. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi baadaye, na si kwa kucheka.

Dini yake sikuijua. Ijumaa alikuwa na Waislamu, Jumapili alisimama nje ya kanisa la nyasi, nje kwa sababu akiimba ndani wengine walipotea. Alipoulizwa alisema yeye kazi yake ni udongo, na udongo unawapokea wote.

Sasa niseme kuhusu swali lake.

Popote alipopelekwa kukata ardhi, awe anafyeka shamba la ujamaa au anachimba lambo, Opareta hakuanza kwa kuwasha. Alianza kwa miguu. Alivua viatu, akatembea eneo lote kwa nyayo, kutoka kigingi hadi kigingi, na mimi nyuma yake kama mkalimani, kwa sababu Kinyaturu hakukijua na wazee wengi wa kule Kiswahili walikisikia kwenye redio tu. Kila tulipomkuta mtu mzima aliyewahi kukaa eneo lile, alimwamkia kwanza, kisha akauliza: "Nani amelala hapa?"

Alikuwa anauliza habari za makaburi. Neno kaburi hakulitamka. Aliona ni kuwaita watu kwa ukali wakati wamepumzika. Na swali lenyewe kwetu lilikuwa la lazima, kwa sababu kaburi la mwenye mji, mgeni halioni. Zamani zile mzee alizikwa ndani ya zizi lake, amefungwa ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe wakaendelea kulala na kukanyaga juu yake mpaka pakasawazika. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Kukanyagwa na ng'ombe wako ndiyo heshima yenyewe. Zizi likihamwa, mvua mbili tatu zikipita, yanabaki majani yaliyostawi kuliko mengine, basi. Anayejua kuna nani chini yake ni wa nyumba ile tu.

Kwa nini aliuliza aliniambia mara moja, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha mgunga tunakula ugali wa uwele na mlenda. Miaka ya mwanzo ya uhuru, mkoa mwingine, alipewa kusafisha shamba kubwa. Fuvu likabiringika mbele ya bledi. Akasimama. Msimamizi akampungia: endelea. Akaendelea.

"Niliendelea, Katibu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa karibu ya kawaida. "Chuma hakina macho. Mwenye macho ni aliyekaa juu yake. Na mimi niliendelea."

Alisafisha bakuli kwa kidole, akarudi kazini.

Ningependa kumwacha hapo, mtu mwenye swali lake zuri. Lakini picha ya mtu ukiipunguza si yake tena. Mwaka mmoja kabla ya lambo nitakalolieleza, tingatinga lile lile lilitumika kuangusha tembe za watu waliochelewa kuhamia kijijini. Wakubwa walikuja na orodha, mgambo wakasimama na marungu, mimi nikasoma majina, na Opareta akasukuma. Tembe ni nyumba ya udongo, fupi, paa la udongo juu ya magogo. Haikatai. Inakaa chini yenyewe na kutoa vumbi, na katika vumbi lile unaona chungu, kinu, kitanda cha mtu. Aliangusha tisa siku ile. Hakuvua viatu, hakuuliza lolote.

Jioni nilimwuliza kwa hasira ambayo sehemu yake nilikuwa najikasirikia mimi mwenyewe. Nikamwambia: wafu unawauliza, wazima huwaulizi?

"Walio hai wana miguu, Katibu. Na wana midomo."

Midomo. Mgambo wamesimama pale na marungu, midomo ingesema nini? Lakini niliyesoma majina nilikuwa mimi. Katika tembe zile tisa moja ilikuwa ya mama mmoja mjane, mwembamba, mwenye maneno machache, aliyetoka mlangoni siku ile akiwa amebeba mwiko na kibuyu cha maziwa tu. Alihamia kijijini kama wengine, akajengewa kibanda jirani na changu. Mumewe alikuwa amekufa zamani, kabla mimi sijapelekwa kule. Mimi kwetu ni Sepuka, nilikuwa mgeni wa kazi kama Opareta, tofauti yangu ni lugha tu.

Kiangazi kilichofuata likaja agizo la lambo. Hapa ndipo nilipopata heshima kijijini, kwa sababu mwaka uliotangulia ng'ombe walikufa kwa kiu mpaka tukaacha kuwachuna, na katibu aliyewaletea watu tingatinga la kuchimba maji alisalimiwa na watoto hadi wazee. Tulipewa wiki tatu. Baada ya hapo mashine ilikuwa inakwenda wilaya nyingine, na mvua ilikuwa haiko mbali.

Eneo la kwanza Opareta aliuliza swali lake, nami nikatafsiri kama nilivyozoea. Nilizoea kuongeza maneno. Nilikuwa nasema: "Anauliza nani amelala hapa. Anauliza habari za wazee waliozikwa, asije akawasumbua." Mzee wa pale akasema yupo baba yake. Tukahama. Eneo la pili wakasema wapo wawili, na kuwahamisha kunataka ukoo wote ukae, kondoo achinjwe, pombe ikorogwe, siku kumi kwa uchache. Tukahama tena. Wiki ya kwanza ikaisha, tingatinga limesimama, linakunywa tu.

Eneo la tatu lilikuwa zuri kupita yote. Bonde jembamba chini ya mawe makubwa, maji ya kilima kizima yanapita hapo. Opareta alitafuna udongo akatabasamu, jambo ambalo si la kila siku. Kando ya bonde kulikuwa na mahame, mji uliohamwa, na katikati ya mahame duara la majani yaliyostawi. Nililiona duara lile. Yule mama mjane alikuwa pale anaokota kuni. Ulikuwa ni mji wake, penye ile tembe iliyoangushwa.

Opareta alimwamkia, akavua kofia, akauliza swali lake kwa ile sauti yake kubwa. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na barua mfukoni inayouliza kwa nini kazi haijaanza. Nikatafsiri: "Anauliza nani analala hapa."

Basi. Sikuongeza kitu.

Yule mama alimwangalia Opareta, mtu aliyemwangushia nyumba. Akaniangalia mimi, mtu aliyesoma jina lake. Akashika kanga yake kifuani, akasema haraka haraka: "Hakuna. Mimi nimeshahama, mwanangu Katibu. Nalala kijijini kama wote, wewe mwenyewe ni jirani yangu unaniona. Hapa halali mtu. Naokota kuni tu."

Nilielewa palepale. Alidhani tunamkamata kwa kurudi mahame. Alikuwa anajibu swali la mwaka uliopita. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, "Hapana mama, sivyo anavyouliza." Sentensi moja. Opareta alikuwa ananitazama mdomo akisubiri.

Nikasema: "Hakuna mtu."

Akauliza tena, kama kawaida yake: "Amesema hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Akamshukuru yule mama kwa kuinamisha kichwa, akaenda kuvaa viatu.

Siku ya tatu ya kazi, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye tuta la lambo nikihesabu hatua, mara nikasikia kimya. Sijui kama mtu anaweza kuelewa. Kimya kile kilinishtua kuliko kishindo. Opareta alikuwa amezima injini mchana. Wanawake waliokuwa wanateka visimani, mbali kabisa, walisema baadaye kwamba walisikia kimya kile wakajua kuna mtu amekufa.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya bledi. Udongo mweusi wa samadi ulikuwa umefunuka, na ndani yake kulikuwa na ngozi ya ng'ombe iliyokauka kama gome, na kilichokuwa kimefungwa ndani yake. Alikuwa amevua shati na kulifunika.

Yule mama alikuja akikimbia. Alipofika hakulia. Alisimama, akalitazama shati lile la dizeli, akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo: "Ni yeye, ni mume wangu, na mimi nilisema hakuna mtu." Opareta akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: anasema ni mume wake. Nusu ya pili sikuitafsiri.

Mchana ule watu wote walikusanyika pale bondeni. Wazee walikuwa na hasira ya kweli, wapo vijana waliokuja na fimbo. Opareta alisimama kifua wazi, akasema, nami nikiwa ndiye kinywa chake:

"Wazee wangu, kosa ni langu. Niliuliza, lakini sikuuliza vizuri. Mngekuwa mmeulizwa vizuri mngejibu. Mama huyu asilaumiwe na mtu. Mlaumuni aliyekaa juu ya chuma."

Nilitafsiri neno kwa neno. Siku ile sikupunguza hata moja. Nilisema kwa Kinyaturu safi kwamba kosa ni langu, sikuuliza vizuri, na watu wote wakanitazama mdomo wangu ukiyasema hayo wakijua kabisa kuwa si yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na bado nikaendelea kusimama nimebana daftari kwapani. Ningesema ukweli, nisingekuwa katibu kesho yake. Sina sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, nimeitafuta.

Alikataa kuwasha mpaka wazee wamalize. Alitafuta kondoo mwenyewe, mweusi kama walivyotaka, akamkokota kwa kamba tangu mnadani, na njiani akakutana na makundi mawili ya ng'ombe na safari hii hakukimbia. Mzee alizikwa upya hatua chache juu ya zizi lake. Wakubwa walileta ujumbe mara mbili kwamba mashine inasubiriwa kwingine. Siku sita zilipita ndipo injini ikawaka, na hapo akalichimba lambo upya kwa namna yake: alilipindisha tuta likaliacha lile duara la zizi nje ya maji, kama pua iliyojitokeza kwenye uso. Ramani haikusema hivyo. Alimaliza siku ambayo matone ya kwanza yalidondoka.

Mvua zile zililijaza lambo. Liko mpaka leo, linaitwa Lambo la Zizini, na halijawahi kukauka lote. Wanawake waliacha safari za alfajiri. Mimi nilisifiwa kwenye mkutano wa kata.

Opareta alichukuliwa. Kuchelewesha mashine, kuharibu kaburi, kupindisha ramani, na yeye mwenyewe alikuwa ameshakiri mbele ya watu mia mbili, uchunguzi wa nini tena? Walimtoa kwenye tingatinga, wakampa kazi ya kulinda geti kwenye yadi ya mjini Singida, pale pale mashine zinapolala. Alifungua geti zikitoka, akafunga zikirudi, na hakupanda tena hata moja.

Mimi nilibaki jirani wa yule mama. Kila nikipita alinisogezea kigoda na kunipa maziwa ya mgando, kwa sababu nilikuwa mbali na kwetu na yeye hakuwa na mtoto wa kiume. Na kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, alisema maneno yale yale kwa utulivu: "Mimi ndiye niliyemkabidhi mume wangu kwa chuma, kwa mdomo wangu." Nilikunywa maziwa yale. Kama kuna dhambi iliyonikaa kooni kweli, ni ile ya maziwa.

Miaka ilikwenda. Ujamaa ukabaki kwenye mabango, vijiji vikawa vijiji tu, na wengine walirudi kwenye mahame yao na hakuna aliyekuja na orodha. Nilistaafu. Nikajiambia kila kiangazi kwamba nitakwenda mjini, na kila kiangazi nikapata shughuli. Mwaka juzi nikasikia kwamba Opareta bado yu hai, anakaa upande wa Ziwa Kindai. Nikaona aibu kwamba niliposikia habari ile sikufurahi mara moja.

Nilimkuta uani, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Amekaa kwenye kiti cha kamba, mikono mikubwa magotini, mkewe pembeni anachambua alizeti kwenye ungo.

"Shikamoo mzee."

Hakugeuka. Mkewe akamgusa bega.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba! Nani?"

"Katibu! Katibu wa kule Mtinko, wa lambo!"

"Aah, Katibu!" Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Umezeeka vibaya. Keti. Maji yapo?"

"Yapo mzee! Hayajawahi kukauka!"

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akauliza habari za tuta, za ile pua, kama mmomonyoko umelila. Mkewe akaniletea chai. Nilikuwa nimejiandalia maneno yangu njia nzima, maneno ya taratibu, ya watu wawili. Nikasogeza kiti, nikainama sikioni kwake nikaanza.

"Sisikii!" akasema. "Sema kwa nguvu, Katibu. Hapa hatuna siri."

Uani kulikuwa na binti anafua, vijana wawili wanatengeneza baiskeli, mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikatazama chini. Kisha nikasema kwa nguvu.

"Yule mama! Hakuelewa swali lako!"

"Eeh?"

"Alidhani unamuuliza nani anaishi pale! Aliogopa kukamatwa! Mimi nilijua hakuelewa! Nikakuambia hakuna mtu!"

Binti aliacha kufua. Vijana wakaacha baiskeli. Opareta alinitazama mdomo, kama siku ile, akisubiri.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilirudia yote, na barua iliyokuwa mfukoni, na duara la majani nililoliona. Alipomaliza kusikia, akamgeukia mkewe. "Umesikia wewe?"

"Nimesikia," alisema mkewe. Hakunitazama. Alikuwa ameshika ungo bila kuchambua. "Baba, umesikia na wewe?"

"Kwa hiyo niliuliza vizuri," alisema Opareta.

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi niliyemtwika nilikuwa nimekaa mbele yake nikinywa chai yake.

"Miaka yote getini," alisema, na ua mzima ukasikia, "nilikuwa natafuta kosa kwenye lile swali. Nimelipindua huku na huku. Nilikuwa nauliza madereva wakipita, wewe ungeuliza vipi? Nikasema labda ningetaja kaburi. Labda ningekaa chini kwanza, nisingeuliza nimesimama. Labda kwa sababu nilimwangushia nyumba yule mama. Hilo la nyumba ni langu. Hilo libaki. Lakini swali lilikuwa zuri."

"Lilikuwa zuri, mzee. Nisamehe!"

"Hilo sikulisikia," alisema.

Sijui mpaka leo kama hakulisikia. Sikulirudia. Binti akaanza kufua tena polepole, na mkewe akarudi kwenye alizeti yake. Baada ya muda Opareta akaniuliza, akitazama mikono yake:

"Yule mama yupo?"

"Yupo!"

"Anajua?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Anasikia vizuri?"

Nikaitikia.

"Basi kwake hutahitaji kupiga kelele," alisema. "Nenda, Katibu. Usimalize chai."

Nilipata gari la kurudi saa saba. Niliteremka barabarani, nikatembea njia ya lambo, nikapita kando ya ile pua ya tuta bila kusimama. Yule mama alikuwa mlangoni anapepeta uwele. Ameshakuwa bibi kizee sasa, lakini aliijua hatua yangu kabla sijasalimu. Akasogeza kigoda kama siku zote, akajishika mgongo, akaanza kuinuka aingie ndani kuniletea maziwa.

"Mama," nikamwambia, "maziwa acha. Keti kwanza."